Kadi ya Yaya na Mlango wa Jumuiya

Mwezi uliopita niliandikiwa barua pepe na kijana wa chuo kikuu katika nchi moja inayobisha hodi kwenye Jumuiya yetu ya huku mashariki. Anaandika tasnifu kuhusu matarajio ya nchi mpya kupokelewa, na mtu fulani alimwambia kwamba Bukavu kuna mwalimu wa uchumi aliyekuwa akizunguka maparokiani kuwaeleza watu mambo hayo wakati nchi yetu ilipokuwa mlangoni. Mwalimu huyo ni mimi. Alinitumia maswali saba, yote ya adabu. Sita niliyajibu kwa siku moja, maana ni ya kitabuni: masharti ya kupokelewa, ushuru wa forodha, sheria zinazotakiwa kulinganishwa, muda ambao wakubwa huchukua kutoka kwenye saini mpaka kwenye utekelezaji. La saba lilinishinda. Aliuliza mwananchi wa kawaida ajiandae vipi nchi yake inapokaribia kupokelewa.

Nilikaa na swali hilo wiki tatu. Kila nikilisoma namwona dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa zetu huku, amekaa benchi la mbele katika ukumbi wa parokia ya Bagira, mtaa wa juu ya mji wetu, mkoba juu ya magoti, ananisikiliza kama anavyomsikiliza padri. Heri asingenisikiliza.

Mama yetu alikufa nikiwa shule ya msingi. Yaya ndiye aliyeacha masomo ili mimi niendelee. Aliolewa Bagira, akafiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja na kishamba nyuma ya nyumba alikopanda maharage, lengalenga na vitunguu vya majani. Nilipopata diploma yangu ya chuo kikuu alidai nakala yake, akaiweka ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ubatizo wangu. Jirani wakibishana juu ya jambo lolote, iwe bei ya saruji au maana ya Kwaresima, yeye alisema waningoje mimi nipande kutoka mjini. Kwake yeye neno langu lilikuwa limeshapigwa muhuri.

Nami nilipenda kuaminiwa, sitaficha. Siku nchi yetu ilipopokelewa niliingia darasani na tai shingoni, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuwa wamelizoea, na tuliimba. Kisha paroko wa Bagira akaniomba niwaeleze wakristo wake baada ya misa ya pili. Nilichora ramani ubaoni, nchi moja baada ya nyingine, mpaka baharini. Niliwaambia mgeni njoo, mwenyeji apone; kwamba wenyeji wa Jumuiya walikuwa wakitungoja sisi na soko letu. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, kwa sauti ya kuchoka, ikiwa mgeni mwenyewe ndiye mgonjwa inakuwaje. Watu walicheka, nami nilicheka nao. Kisha nikarudi kwenye ramani yangu.

Halafu mama mmoja akauliza swali la maana kuliko yote: mpakani tutaonyesha karatasi gani. Wale ambao hawajaishi kwetu wanapaswa kujua kwamba sisi hatuna kitambulisho cha taifa. Tuna kadi ya mpiga kura. Kwa kadi hiyo tunafungua akaunti, tunanunua laini ya simu, tunapita vizuizi vya barabarani, tunachukua maiti hospitalini. Wenzetu wa Jumuiya wanavuka mipaka kwa vitambulisho vyao, na itifaki tuliyotia saini inasema mtu asizuiwe. Basi nilichomoa kadi yangu kutoka mfuko wa shati, nikaiinua juu. Niliwaambia ni hii hapa, kabla ya mwaka kwisha hii itatosha. Walipiga makofi. Yaya alifungua mkoba wake akaichungulia ya kwake, kuhakikisha kwamba ipo.

Mwaka ule ulikwisha, na mwingine nao ukapita. Ndipo Yaya alipoanza kutokwa damu ambayo kwa umri wake haikupaswa kutoka. Alificha kwa muda, kama wanavyoficha akina mama wetu, akaja kwangu siku kiuno kilipomzuia kupalilia. Nilimpeleka hospitali. Daktari, binti mdogo mwenye maneno machache, alituambia ni kansa ya mlango wa kizazi, ingali mwanzoni, na dawa yake ni mionzi. Mionzi haikuwepo katika jimbo letu zima. Alisema ipo Kampala, na kwamba akifika huko ndani ya miezi michache ana nafasi nzuri ya kupona. Alirudia neno hilo, nafasi nzuri, akimtazama Yaya na si mimi.

Kampala haikuwa nchi ya kigeni kwetu. Binti ya Yaya ameolewa huko, ana chumba, alishaanza kutandika kitanda. Njia ilijulikana: kuvuka daraja la Ruzizi kwa miguu, kupanda basi upande wa pili, kuikatiza nchi ya jirani, kulala njiani, kufika. Kilichokosekana ni paspoti. Yaya alikuwa amekwisha kupiga picha mbili ndogo, amevaa kitenge chake cha Pasaka, na jirani yake alikuwa tayari kumsindikiza kupeleka faili ya maombi. Mimi ndiye niliyemzuia.

Ninaandika sentensi hiyo polepole. Nilimwambia paspoti ni ya nini. Nilimwambia paspoti ni ya kwenda Ulaya, na Kampala ni nyumbani kwa jirani. Mtu haombi paspoti kwenda kuomba moto kwa jirani. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ambako mtaalamu mmoja alituhakikishia kwamba waraka wa kuzikubali kadi zetu uko mezani, unangoja sahihi. Paspoti ilikuwa ghali na yenye usumbufu, hilo ni kweli, lakini Yaya alikuwa tayari kuuza mbuzi wake. Sikuwa namhurumia mbuzi. Nilikuwa natetea hotuba yangu. Kama dada yangu mwenyewe angechukua paspoti, watu wa Bagira wangesemaje?

"Mudogo wangu," aliniambia, "ngoja ngoja inaumiza tumbo. Na tumbo njo hii iko inauma."

Alicheka baada ya kusema hivyo. Alikuwa na desturi ya kulitania jambo kabla halijamtania. Kisha akanipa kadi yake niitunze, akasema mimi ndiye ninayejua mambo ya mipaka.

Kadi zile za mwisho tulizopewa zina wino mbaya. Ukiweka mfukoni jasho linaila; ukiweka ndani ya kitabu inafifia hata bila kuguswa. Watu wetu wana dawa yao: wanapeleka kila karatasi yenye thamani kwenye kibanda cha fotokopi, inafungwa ndani ya plastiki kwa mashine ya joto. Sisi tunasema kuplastifie. Hakuna nyumba Bukavu isiyo na diploma, cheti cha ndoa au kadi ya chanjo iliyoplastifiwa. Tunaamini kitu kikishaingia plastikini hakifi tena. Kadi ya Yaya ilikuwa imeanza kufifia kidogo upande wa kidevu. Nilitaka imfikishe Kampala ikiwa safi. Nikashuka mpaka Nyawera, mjini, nikampa mwenye kibanda, nikasimama nikisoma vichwa vya habari vya gazeti la mtu mwingine.

Mashine iliitoa ikiwa ya moto na laini. Jina lilikuwepo, tarehe ya kuzaliwa ilikuwepo. Mahali pa uso palikuwa peupe. Si kwamba picha iliharibika. Ilitoweka, kana kwamba imemwagiwa maziwa. Mwenye kibanda aliniambia kwa utulivu kwamba kadi zile hazipendi joto, na kwamba mteja mwingine alikuwa amelia palepale juzi. Nilimuuliza kwa nini basi alikubali. Alinijibu kwamba mimi ndiye niliyemwambia aplastifie.

Sikumwambia Yaya. Nilijiambia kwamba jina lipo na namba ipo, na mwenye kadi atakuwa amesimama palepale na uso wake mwenyewe juu ya shingo. Waraka ulikuwa bado mezani. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi, na kila nilipopanda Bagira nilimkuta amepungua. Kitenge alichokuwa akikifunga mara moja sasa kilimzunguka mara mbili. Binti yake alinipigia simu kutoka Kampala, akanisemesha kwa heshima ambayo ilinichoma kuliko matusi. Aliuliza tonton, yaani mjomba, anangoja nini. Hapo ndipo nilipoamua tuende mpakani na barua ya daktari, tujaribu hivyo hivyo.

Tulifika darajani asubuhi. Yaya alikuwa amevaa kitenge kilekile cha picha, na ameweka ndani ya mkoba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, waliokaushwa, kwa ajili ya mkwe wake, maana huwezi kwenda kwa mkwe mikono mitupu. Upande wetu walitupitisha haraka. Upande wa pili afisa alikuwa mtu mpole wa makamo. Alisoma barua ya daktari yote, mstari kwa mstari, akampa Yaya kiti chake mwenyewe. Nikamweleza itifaki. Nilitaja vifungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa Kiswahili kizuri kuliko changu:

"Mwalimu, kwa barua hii na kitambulisho ningemwombea mama ruhusa ya ugonjwa kwa mkubwa wangu, na huwa anakubali. Lakini kitambulisho hiki ni cha nani?"

Aliigeuza kadi kwenye mwanga, kisha akamgeuzia Yaya aione. Ndiyo mara ya kwanza Yaya alipoiona. Aliitazama muda mrefu. Sikuwa na uwezo wa kumtazama yeye, nilitazama maji ya Ruzizi. Nilingoja anilaumu mbele ya yule mtu, na ningefarijika. Alimwambia afisa asante, akainuka kwenye kiti chake, akaniambia twende jua lisije likatuzidi. Teksi ilipotushusha Bagira, akanipa wale sambaza nipeleke kwa mke wangu.

Kwa hiyo tulirudi kwenye paspoti, na paspoti inataka kadi. Nikaenda kuomba nakala mpya ya kadi. Mtu wa dirishani aliniuliza kama kadi imepotea, nikasema hapana, ipo. Akaniuliza kama imeibwa. Nikasema hapana. Kulikuwa na fomu ya kadi iliyopotea na fomu ya kadi iliyoibwa; fomu ya uso uliopotea haikuwepo. Nilimwomba niseme uongo, niandike imepotea. Alisema ningemwambia hivyo tangu mwanzo angeandika, lakini sasa ameshaiona. Ningecheka kama habari hii ingekuwa ya mtu mwingine. Aliniambia nirudi baada ya wiki mbili, na mkubwa wake atakuwa amerudi safari.

Kabla ya wiki mbili kwisha wenye bunduki waliingia mjini. Sitaeleza siku zile, waliokuwepo wanazijua. Dirisha lile lilifungwa, na ofisi ya paspoti ikafungwa. Mkubwa wa ofisi hakurudi kutoka safari, na hata mimi nisingerudi. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ulifungwa, daraja likafungwa kwa muda kisha likafunguliwa, na lilipofunguliwa Yaya hakuweza kusimama. Daktari yule binti alikuja Bagira mwenyewe, kwa miguu sehemu ya njia. Alimpima, akanitoa nje karibu na mistari ya maharage ambayo hakuna aliyeyapalilia. Aliniambia mionzi haina kazi tena. Alisema hata paspoti ikija leo nisimsafirishe, nimwache apumzike. Nilitaka kumuuliza kama miezi ile niliyongoja ndiyo iliyomuua, lakini alikuwa amechoka, na jibu nilikuwa nalo.

Miezi ya mwisho nilihamia kwake. Redio ilikuwa karibu na kichwa chake, na mambo ya Jumuiya hayakukosekana: wakuu wamekutana, wakuu wamesikitishwa na hali ya kwetu, wakuu watakutana tena. Siku moja mtangazaji aliongea juu ya nchi nyingine zinazongoja kupokelewa, na matumaini ya wananchi wake. Nilinyoosha mkono nizime. Yaya alinishika kidole.

"Sisi balishatupokea?" aliuliza.

Nilimjibu ndiyo, walishatupokea zamani, hata makofi tulipiga, hakumbuki. Alifunga macho nikadhani amelala.

"Kama balishatupokea," alisema, "juu ya nini tuko mpaka leo inje?"

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli, kama alivyozoea kuniuliza kila kitu, akitegemea kwamba nitajua. Nina shahada mbili katika jambo hilo hilo. Nilimwambia sijui, Yaya. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwambia hivyo, na niliona kwamba ilimsikitisha kuliko habari ya daktari.

Alikufa wiki ya pili ya Kwaresima. Majirani wa shirika lao, zile familia zinazosali pamoja kila juma, walichimba kaburi na kupika bugali. Binti yake hakuweza kufika. Alifuata mazishi kwenye simu iliyoshikwa na mtu mwingine, na picha ilikuwa ikikatika. Kwenye msalaba tulibandika moja ya zile picha ndogo za paspoti. Alikuwa ametoka vizuri. Kadi nilibaki nayo mimi, ndani ya pochi, nyuma ya ya kwangu. Mke wangu aliniuliza ninaihifadhi ya nini, nikasema sina mahali pengine pa kuiweka.

Basi nirudi kwa kijana na swali lake la saba. Juzi nilijilazimisha nikaandika jibu la mwalimu: mwananchi atafute taarifa sahihi, ashiriki mijadala, awe na subira kwa kuwa utekelezaji huchukua muda. Lilikuwa jibu zuri, lenye aya tatu. Asubuhi nikashuka mjini kulituma, kwa sababu ofisini kuna umeme wa jua. Basi letu lilisimamishwa kwenye kizuizi, tukaambiwa tushuke na kadi mkononi. Mwanajeshi alipokea yangu, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akanitazama mimi.

"Pita, muzee," alisema.

Nilipokaa tena kwenye kiti ndipo nilipoona kwamba nilimpa ya Yaya. Jina la mwanamke, tarehe ya mwanamke, na pale pa uso peupe vilevile. Hakusoma, au alisoma na hakujali. Kadi iliyomrudisha dada yangu na sambaza wake ilikuwa imenipitisha mimi, mtu mzima wa afya, niende kutuma barua. Abiria wa pembeni aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana, na nililia mpaka tulipofika mwisho wa safari, bila kujificha, na watu walitazama dirishani kwa adabu.

Ofisini nilifungua barua ile nikafuta aya zote tatu. Nikamwandikia kwamba mwenye mgonjwa nyumbani asiwangoje wakubwa. Amvushe leo, kwa karatasi yoyote yenye uso wake, na akikutana na mwalimu wa uchumi njiani asimsikilize. Kisha nikaweka jina langu chini, na cheo changu nikakifuta.